Mashine Namba Tatu na Pazia la Romanus

Nimekataa nafasi ya masomo niliyoililia miaka minne.

Mimi mwenyewe. Kwa jina langu, kutoka kwenye email yangu, Jumamosi saa tano na dakika kumi asubuhi.

Tatizo ni moja tu. Sikuandika mimi.

Jamani, hebu kaeni chini niwasimulie. Nyie mnaofungua simu kwa kidole hamwezi kujua tulikotoka.

Mwaka ni 2003. Jumatatu asubuhi niko kwenye kafe ya intaneti ya Romanus pale Majengo, Songea, mashine namba tatu. Nimekuja kuandika mstari mmoja: nakubali, nakuja. Chuo cha ukunga, nje ya nchi, kila kitu wanagharamia wao. Walinipa mpaka Ijumaa saa sita mchana niwe nimejibu.

Nafungua... nakuta jibu limeshaenda.

"Mheshimiwa, asante kwa nafasi. Siwezi kuja. Naolewa mwezi wa sita. Mpeni mtu mwingine. Kunegunda."

Kiingereza chenyewe kibovu, hata neno kuolewa limeandikwa vibaya. Nilisoma mara tatu.

"Romanus."

"Naam, dada Kune."

"Nani kaingia kwenye email yangu?"

"Haiwezekani, dada. Paswedi yako uliitoa kule kwenye pazia."

Hapo ndipo hasira iliponipanda, maana ni kweli.

Ngoja niwaeleze hilo pazia.

Zamani mji wetu mzima ulikuwa na akili moja kwenye maneno ya siri. Sisi Wakatoliki wa Songea unabatizwa jina la mtakatifu, na sikukuu ya somo wako inajulikana mpaka na jirani. Basi paswedi ya kila mtu ilikuwa jina na tarehe ya somo. Mimi kunegunda3machi. Rafiki yangu Hilda, hilda17novemba. Ukitaka kumwibia mtu siri zake, unakwenda sebuleni kwake, unaangalia kalenda ya parokia ukutani, unasoma. Mussa wa duka la viatu, ambaye ni Mwislamu, alikuwa akitucheka. Yeye alitumia jina la mbuzi wake.

Siku moja mtu akafungua email ya mwalimu Fidelisi kwa tarehe 24 Aprili. Akakuta barua za mapenzi kwa mama mmoja wa Mbinga. Alizichapa na kuzibandika kwenye nguzo ya umeme. Sitasema zaidi, mwalimu yuko hai na wajukuu wake wako humu kwenye group.

Romanus aliumia sana. Yule kaka alitoka seminari akiwa kidato cha tano, lakini seminari haikumtoka. Alichukua kompyuta moja kuukuu, haina hata waya wa intaneti, kioo chake cheusi na maandishi meupe. Akaikalia wiki mbili, akaitengenezea programu yake mwenyewe. Unaandika neno moja tu, siri, unabonyeza Enter. Inakutemea herufi, namba na alama, jumla nane, ambazo hata mchawi hazioti.

Akaiweka kwenye kona, akaizungushia pazia la kitenge.

Masharti yake yalikuwa haya. Mnaingia mmoja mmoja. Unatoa mara moja tu, unanakili kwenye karatasi, unabonyeza tena kioo kinajifuta. Ukishaikariri, karatasi unachoma. Humwambii mume, humwambii mama, humwambii Romanus. Yeye mwenyewe alikuwa anakaa amegeuza kiti, uso ukutani, mpaka utoke.

Watu wakapaita kitubioni. Na kweli tulikuwa tukitoka mle tumenyamaza, kila mmoja na yake moyoni, hakuna anayemuuliza mwenzake. Nani anamuuliza mtu alichoungama?

Yangu ilikuwa g7Rw2#Kp. Leo naitaja, haina kazi tena. Niliikariri wiki nzima kwa kujisemea: gunia saba, Ruvuma, wali mbili, uzio, Kunegunda, pilipili.

Sasa mtu kaingia vipi?

"Badilisha paswedi, dada," Romanus akaniambia. "Nenda kwenye pazia utoe nyingine. Wewe nakuruhusu mara ya pili."

"Nibadilishe ili iweje? Maji yameshamwagika."

"Dakika moja tu..."

"Romanus, niache na limashine lako."

Nikaondoka. Kumbukeni hapo. Ningemsikiliza yule kaka siku ile, ningeingia nyuma ya lile pazia kwa dakika moja, mambo yote yaliyofuata yasingekuwepo. Lakini mimi nikikasirika masikio huwa yanaziba. Mama yangu aliniambia tangu nikiwa mdogo.

Jumanne nikaandika chuoni kwamba si mimi niliyekataa. Jibu likaja Jumatano asubuhi, la heshima na la kuua. Wanasikitika. Nafasi wameshampa anayefuata kwenye orodha, naye ana mpaka Ijumaa hiyo hiyo saa sita mchana kujibu. Akikataa yeye, wataangalia suala langu.

Nani anayefuata? Hawakusema.

Nikaenda kazini na kichwa kinapasuka. Nilikuwa mhudumu kwenye zahanati moja Mjimwema, mimi na Hilda. Tulianza pamoja, tukaomba pamoja kile chuo, fomu tulijazia meza moja. Tulikula sahani moja yule na mimi. Ndiye angesimama upande wangu siku ya harusi.

Nafika, nakutana na muuguzi wetu mkuu, mama Walburga, mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umesikia habari za mwenzio?"

"Zipi, mama?"

"Hilda kapata barua ya kile chuo chenu cha nje. Wamempa nafasi. Wewe vipi, bado?"

Nilishika fremu ya mlango.

Sasa nifuateni hapa mseme kama mngefikiri tofauti. Nani alijua nimepata nafasi? Hilda peke yake. Hata Calvin, mchumba wangu, sikumwambia, nilijua atakataa. Nani alijua harusi ni mwezi wa sita? Hilda. Nani alikuwepo nilipochoma ile karatasi ya paswedi kwenye jiko la kuchemshia vyombo? Hilda. Kibiriti aliwasha yeye! Jumamosi nani hakuwa na zamu? Hilda. Na Kiingereza kibovu? Hilda alikuwa na Kiingereza kunizidi, nikajisemea kakiharibu makusudi.

Nikaingia chumba cha sindano. Watu wamejaa kwenye mabenchi, kina mama na watoto wao.

"Hilda."

"Kune, afadhali umekuja, nilitaka nikwambie..."

"Uniambie nini? Kwamba umeniua? Miaka yote nakula na wewe kumbe nafuga nyoka?"

Mabenchi yote yakatugeukia. Hata watoto waliokuwa wanalia waliacha.

Nilisema mengi. Nilimwambia mwizi. Nilimwambia ndiyo maana hajaolewa. Hilo la mwisho, wadau, nikilikumbuka mpaka leo najifunika uso. Hilda alishika bomba la sindano, akanitazama tu mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi utamalizia baadaye. Watu wananisubiri."

Akamgeukia mama aliyefuata, akamwambia mshike mtoto vizuri. Nikatoka. Nilitaka tugombane. Ule utulivu wake ndio ulinichoma kuliko kila kitu, nikasema mwenye hatia huwa hana la kusema.

Alhamisi mchana nikarudi kwa Romanus. Sikujua nakwenda kufanya nini. Niliwaza niwaandikie chuo tena, niwaelezee kwamba huyo mliyempa ni mwizi. Nikajiandikisha kwenye daftari lake la wateja, nikakaa mashine yangu namba tatu.

Siku hizo kompyuta ilikuwa inakumbuka jina la aliyeitumia mwisho, ukiweka alama kwenye kile kisanduku cha kukumbuka. Ukifungua ukurasa wa email unakuta jina limekaa tayari, linasubiri paswedi tu. Mimi nililiacha langu pale Jumamosi, na Jumatatu nikalikuta. Kwa hiyo sikutazama. Machozi yenyewe yalikuwa yamejaa. Gunia saba, Ruvuma, wali mbili, uzio... Enter.

Ikafunguka.

Lakini barua zilizokuwa mle sizijui. Barua ya mjomba wa Hilda. Barua ya kaka yake Hilda, Tadei, aliyeko Mtwara. Barua ya chuo: "Mpendwa Hilda, tunafurahi kukujulisha..."

Nikapandisha macho pale juu. Jina la Hilda; ndiye aliyekaa pale baada yangu.

Nimeweka paswedi yangu... imefungua email ya Hilda.

Sikuelewa. Mtu mwenye akili angesimama amwite Romanus. Mimi je?

Sasa ndiyo sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Nilifungua ile barua ya chuo, nikabonyeza kujibu. Nikaandika kwa Kiingereza: "Mheshimiwa, asante sana kwa nafasi hii. Kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja. Naomba mpeni Kunegunda, anastahili."

Mistari mitatu. Vidole havikutetemeka hata kidogo. Nilijiambia narudisha kilicho changu, nilijiambia yeye ndiye alianza. Niliona haki kabisa, ndugu zangu, na hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka.

Ikabaki jina la mwisho. Nikajiuliza, Hilda akiandika barua anamalizia vipi? Anaweka jina moja au mawili? Nilitaka ifanane na yake. Basi nikafungua barua alizotuma, nione.

Ya kwanza kabisa ilikuwa ya Jumanne. Kwenda chuoni.

"Mheshimiwa, nimepokea barua yenu kwa mshangao. Nafasi hii ni ya Kunegunda. Namfahamu, hawezi kukataa, ameisubiri miaka minne na Jumamosi aliniambia kwa furaha kwamba anakuja. Naamini kuna mtu ameandika kwa jina lake. Naomba msimpe mtu mwingine kabla hamjahakikisha. Mimi siwezi kuichukua nafasi ya dada yangu. Hilda."

Jumanne. Mimi nilimtukana Jumatano.

Halafu nikafuta mistari yangu, herufi moja moja, na sijui kwa nini sikuifuta yote kwa mpigo. Nikafunga.

Ndipo akili ikarudi. Hasira yote iliyokuwa ya Hilda ikatafuta pa kwenda, ikampata Romanus.

Nikaenda kwenye kona, nikavuta lile pazia mpaka likachomoka kwenye misumari.

"Dada Kune! Pazia!"

"Njoo hapa."

"Mimi siingii mteja akiwa mle."

"Romanus, njoo."

Akaja, anafumba jicho moja. Nikawasha mashine, nikaandika siri, nikabonyeza Enter.

g7Rw2#Kp.

"Hiyo ndiyo yangu," nikamwambia. "Niliyopewa mwezi wa tatu."

Akafumbua macho yote mawili. Akaandika yeye mwenyewe. Enter. g7Rw2#Kp. Akazima mashine, akawasha upya, tukasubiri inavyonguruma. Siri. Enter.

g7Rw2#Kp.

Nyuma yetu Mussa wa viatu alikuwa amesimama na soda mkononi.

"Samahani dada," akasema taratibu. "Mbona unaandika ya kwangu?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Fidelisi, aliyekuwa mashine namba moja, alivua miwani akaanza kuifuta na shati.

"Na mimi," akasema.

Romanus alikaa chini sakafuni. Maskini yule kaka, kijasho kilikuwa kinamtiririka.

"Nilipoijaribu nilitoa kumi kwa mpigo," akasema. "Zote zilikuwa tofauti. Baadaye nikaibana itoe moja moja, ili mtu aone ya kwake tu. Sikutazama tena. Niliapa sitatazama."

Alipotulia alitueleza kwa mfano wa karata. Kompyuta haina bahati nasibu kichwani. Ina karata zake kwa mpangilio, na kabla hujagawa lazima uiambie ichanganye. Yeye alisahau mstari mmoja wa kuiambia ichanganye kwa kufuata saa. Kwa hiyo kila ikianza upya, inagawa ile ile karata ya juu. Watu arobaini na kitu waliingia kwenye lile pazia. Wote wametoka na paswedi moja, na wote wamechoma karatasi, na wote wamenyamaza kama walivyoambiwa.

Tungekuwa waropokaji kidogo tu, tungejua siku ya pili.

"Nipe daftari," nikamwambia.

Jumamosi, mashine namba tatu. Kunegunda, saa nne mpaka saa tano kamili. Anayefuata, saa tano na dakika tano, mwandiko ninaoujua kuliko wangu.

Calvin.

Nilitembea kwa miguu mpaka Lizaboni, kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio. Alikuwa ameinamia redio ya mtu, waya mdomoni.

"Jumamosi ulikaa mashine namba tatu?"

Akautoa waya mdomoni polepole.

"Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Kune, mimi sikuiba. Nakuapia. Niliweka paswedi yangu mwenyewe. Ya kwangu! Ikafunguka ya kwako. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikatoka, nikaweka tena. Ikafunguka ya kwako tena. Nikasema huyu ni Mungu. Anataka nione mwenzangu ananificha nini."

"Na huyo Mungu ndiye aliyeandika kwamba naolewa mwezi wa sita?"

Akaanza kuukunja ule waya vidoleni.

"Calvin, nakuuliza. Mungu aliandika kwa Kiingereza kile?"

"Ulikuwa unaondoka bila kuniambia," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na nikaona machozi yamemjaa machoni. "Miaka miwili tuko pamoja, Kune. Ningesikia kwa nani? Kwa kondakta wa basi?"

Hapo alinipata, sitaki kuwadanganya. Nilimficha. Niliogopa kumwambia nikaamua kumkimbia, na yeye akaogopa kuniuliza akaamua kunifunga. Lakini kuuliza kungetugharimu ugomvi wa jioni moja tu. Nilivua pete yake ya uchumba, nikaiweka juu ya redio ya watu, nikaondoka. Leo ana mke mzuri na watoto watano, tukikutana tunasalimiana.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Hilda. Alikuwa anafagia uwanja. Nilipiga magoti pale pale vumbini na gauni la kazini.

"Inuka, Kune, utachafuka."

"Nisamehe."

"Inuka kwanza."

Nikamwambia yote. Pazia, karata, Mussa na soda yake, Calvin na Mungu wake. Alicheka mpaka akashika ufagio kwa mikono miwili.

"Mbona hukuniambia umewaandikia?" nikamuuliza.

Akaniangalia.

"Umejuaje kama nimewaandikia?"

Wadau... nikaanza kupangusa vumbi la gauni.

"Chuo wameniambia," nikasema.

Uongo. Ulitoka wenyewe, laini kabisa.

"Nilitaka jibu lije kwanza," Hilda akasema. "Nisikupe tumaini la bure. Na nilijua siyo wewe uliyekataa, na wala sikukasirika sana uliponitukana. Nilisema Kune kachanganyikiwa." Akaniwekea mkono begani. "Aliyefanya hivyo ni Calvin. Wewe usingeweza kumfanyia mtu jambo kama lile."

Nikasema, "Ndiyo."

Hivyo tu. Ndiyo.

Wiki iliyofuata chuo wakanirudishia nafasi. Niliondoka mwezi wa nane, nimekuwa mkunga miaka ishirini sasa. Hilda hakuitwa tena kwenye ile orodha. Alibaki Mjimwema, leo ndiye mkuu wa zahanati ile ile. Romanus aliongeza ule mstari wake mmoja, akawaita watu wote arobaini mmoja mmoja abadilishe, na safari hii akaondoa pazia, akasimama anatazama.

Mnataka funzo? La kwanza, nenda kabadilishe paswedi yako, na aliyekutengenezea muulize ameitengenezaje, hata akiwa mtu wa sala. Kufuli zuri halina maana kama fundi ametoa ufunguo mmoja kwa mtaa mzima.

La pili ni langu. Mlango ule ule ulifunguka kwa Calvin, ukafunguka na kwangu. Mimi baadaye nilimwita Calvin mwizi mbele ya ukoo wake mzima. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilitaka kujua Hilda anamaliziaje barua zake. Asingekuwa ameandika ile ya Jumanne, ningebonyeza, na ningeenda kulala vizuri.

Hilda, najua uko humu kwenye group, jana uliweka picha ya mahindi yako.

Ile "Ndiyo" niliyokujibu pale uwanjani haikuwa kweli. Nilikuwa nimeshaandika mistari mitatu.